Visale: mdhamini wa kodi Ufaransa kwa asiye na mdhamini

Aliyetoka Dar es Salaam amezoea mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla ya kutoa funguo. Aliyetoka Bukavu au Goma anaijua garanti ya miezi kadhaa. Ukifika Ufaransa na fedha zako kwenye bahasha, unakuta hazikusaidii sana. Sheria ya tarehe 6 Julai 1989 inamruhusu mwenye nyumba kuchukua amana ya kodi ya mwezi mmoja tu kwa nyumba tupu, na ya miezi miwili kwa nyumba yenye samani. Kwa hiyo kinga yake anaitafuta kwingine. Anataka mdhamini: mtu mwenye mshahara mzuri atakayetia saini kwamba usipolipa, atalipa yeye. Tena wengi wanataka wewe mwenyewe uwe na kipato cha mara tatu ya kodi.

Mgeni hana mjomba wa namna hiyo. Sheria hiyohiyo inasema mwenye nyumba asimkatae mdhamini kwa kuwa si raia wa Ufaransa, au kwa kuwa haishi Ufaransa bara. Lakini mwenye nyumba ana maombi ishirini mezani, na la kwako analisukuma chini bila kukupa sababu. Nimekaa na ndugu wengi wakilia juu ya jambo hili, watu wenye kazi, wenye vibali halali, waliokosa chumba kwa sababu hiyo tu. Ndiyo maana naandika mwongozo huu juu ya dhamana inayoitwa Visale. Ni ya bure, imekuwapo tangu Januari 2016, na bado nakutana kila mara na watu ambao hawajawahi kuisikia.

Visale ni nini, na nani analipa

Visale ni dhamana inayotolewa na shirika la Action Logement kwa makubaliano na serikali. Mpangaji akishindwa kulipa kodi, shirika linamlipa mwenye nyumba, kisha linamdai mpangaji. Kwenye nyumba za watu binafsi, linaweza kulipa malimbikizo ya hadi miezi 36. Mpangaji halipi ada, wala mwenye nyumba halipi.

Watu huuliza, "Kitu cha bure namna hiyo kinatoka wapi?" Swali ni la haki, maana matapeli ni wengi. Fedha zinatoka kwa waajiri. Tangu 1953 kampuni za Ufaransa zinatozwa mchango wa nyumba za wafanyakazi. Ulianza kama asilimia 1 ya mishahara yote. Leo ni asilimia 0.45, kwa kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi. Action Logement inasimamiwa kwa pamoja na vyama vya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 2014 bunge lilipitisha dhamana pana zaidi, ya kila mpangaji, lakini serikali ikaiacha kabla haijaanza. Visale ndiyo iliyoshika nafasi iliyobaki, na ndiyo sababu haimgusi kila mtu.

Hatua ya kwanza: tazama kama inakuhusu

Ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 30, inakuhusu, uwe mwanafunzi, mfanyakazi, mwanagenzi au huna kazi. Hesabu ni mpaka siku moja kabla hujatimiza miaka 31, basi aliyebakiza mwezi mmoja aombe leo.

Ukivuka umri huo, mlango unakuwa mwembamba. Njia kuu ni ajira: mfanyakazi wa sekta binafsi au ya kilimo anayepata mshahara usiozidi ukomo uliowekwa kwenye visale.fr, baada ya makato, au aliyeajiriwa karibuni, au aliyehamishwa kikazi. Wapo pia wapangaji wa mkataba mfupi uitwao bail mobilité, wa mwezi mmoja hadi kumi, ambao hupewa watu walio masomoni, kwenye mafunzo au kwenye kazi ya muda.

Kibali chako cha kukaa kiwe hai. Kama kinakaribia kwisha, shughulikia upya wake kwanza, maana ombi litakwama hapo.

Na nyumba iwe ya kuishi, makao yako makuu. Isiwe ya ndugu yako: mwenye nyumba na mpangaji wakiwa wa familia moja, dhamana haitolewi.

Hatua ya pili: piga hesabu kabla hujaipenda nyumba

Visale inakubali kodi, pamoja na gharama za jengo, isiyozidi nusu ya kipato chako. Hapa ndipo dhamana hii inapobadilisha maisha ya mtu. Chukua mama niliyemsindikiza, mzaliwa wa Uvira, mwenye miaka 34, anayefanya usafi hospitalini kwa euro 1,400 kwa mwezi. Kwa kipimo cha wenye nyumba cha mara tatu, alistahili kodi ya euro 466. Kwa bei hiyo, katika mji alioishi, hakukuwa na pa kuweka watoto wawili. Kwa kipimo cha Visale, angeweza kufika euro 700.

Lakini nusu ya mshahara kwenda kwenye kodi ni mzigo mkubwa, na nilimwambia hivyo. Kabla ya kupanda mpaka ukomo, tazama kwenye tovuti ya CAF, ofisi ya posho za familia, kama utapata ruzuku ya nyumba na itakuwa kiasi gani. Tovuti ina kikokotoo. Weka mshahara, idadi ya watoto na kodi, inakupa makisio. Yule mama alichukua nyumba ya euro 640, na ruzuku ndiyo iliyomwezesha kupumua.

Upo pia ukomo wa kodi yenyewe, unaotofautiana kati ya eneo la Paris na mikoa mingine. Huna haja ya kuukariri, kwa kuwa hati utakayopewa inataja kodi ya juu kabisa inayokubaliwa kwako. Mwanafunzi asiye na kipato hukubaliwa bila kuonyesha mshahara, ila kwa kodi ya chini zaidi.

Hatua ya tatu: omba visa kabla ya kutafuta nyumba

Neno visa hapa halihusu pasipoti. Ni hati inayosema kwamba Action Logement iko tayari kukudhamini. Fungua akaunti kwenye visale.fr, jaza habari zako, pakia kitambulisho au pasipoti, kibali cha kukaa, na hati za mshahara au cheti cha shule. Kama mtaishi mume na mke na nyote mtatia saini mkataba, ombeni pamoja. Mkiwa marafiki mnaogawana nyumba, kila mmoja aombe ya kwake.

Andika jina kama lilivyo kwenye kibali, herufi kwa herufi. Majina yetu yanapinduliwa sana na ofisi za hapa, la baba linakaa la kwanza, la kwanza linakaa la mwisho, na nimeona maombi yakirudishwa kwa sababu hiyo peke yake. Picha za hati zisikatwe pembe na zisiwe na kiwi cha taa.

Hati ikitoka, ipakue na uitunze kwenye simu. Ina tarehe ya mwisho. Ikipita kabla hujapata nyumba, unaomba nyingine, huadhibiwi.

Wakati huohuo tengeneza jalada lako. Serikali ina huduma ya bure iitwayo DossierFacile, inayokusanya hati zako, kuzikagua na kuzipiga chapa ya maji ili mtu asizitumie kwa jambo jingine. Itumie. Tena ujue kwamba amri ya tarehe 5 Novemba 2015 imeorodhesha hati ambazo mwenye nyumba anaweza kudai. Taarifa ya akaunti yako ya benki haimo. Kadi ya bima ya afya haimo. Akikuomba hivyo, kataa kwa upole. Na mtu akikutaka utume fedha kabla hujaiona nyumba kwa macho yako, hata akikuonyesha picha za funguo, huyo ni tapeli, achana naye.

Hatua ya nne: zungumza na mwenye nyumba

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, nami nitakaa hapa kidogo. Mwenye nyumba halazimiki kuikubali Visale. Anaweza kusema hapana. Wengi husema hapana kwa sababu hawaijui, au walisikia kwamba ina karatasi nyingi. Basi kazi yako ni kumweleza, na umweleze mapema, kwenye ujumbe wa kwanza. Usingoje aulize, "Mdhamini wako nani?" Sema mwenyewe kwa Kifaransa, sentensi moja: « J'ai la garantie Visale, c'est Action Logement qui se porte garant. » Yaani, nina dhamana ya Visale, Action Logement ndilo linalonidhamini. Ambatanisha hati.

Kisha mpe sababu zinazomgusa yeye. Mdhamini wa kawaida ni mtu, naye anaweza kufukuzwa kazi, kufilisika, kufa, au kukana saini. Action Logement halifi. Kwa kodi ya euro 700, miezi 36 ni euro 25,200. Hakuna mjomba anayeweza kuahidi hivyo kwa moyo mweupe. Bima za kibiashara za kodi hutoza mwenye nyumba ada kila mwaka. Hii haimtozi kitu. Pia inagharamia uharibifu wa nyumba unaozidi amana, hadi kiasi cha kodi ya miezi miwili.

Mwambie na masharti, usimfiche. Akiichukua Visale, haruhusiwi kumtaka mpangaji alete mdhamini mwingine juu yake. Wapo wanaojaribu kuchukua vyote viwili, na dhamana yao inaweza kuvunjika siku wanayoihitaji.

Madalali wa ofisini ni wagumu kuliko wenye nyumba wenyewe. Ofisi nyingi zimeshafungamana kila moja na bima yake, na karani wa mapokezi anafuata orodha aliyopewa. Ukikataliwa na ofisi, usibishane nusu saa. Elekeza nguvu kwenye nyumba zinazotangazwa na wenyewe moja kwa moja. Kule utakutana na bibi mstaafu mwenye nyumba moja tu ya kupangisha, ambaye hofu yake ya kutolipwa ni ya kweli, kwa kuwa kodi hiyo ndiyo inayojazia pensheni yake. Mtu kama huyo akielewa Visale, anaipenda. Yule mama wa Uvira alipangishwa na mzee wa aina hiyo. Tulikaa naye jikoni kwake saa nzima tukimwonyesha tovuti kwenye simu.

Ukikataliwa kwa sababu ya jina, rangi au asili yako, hilo ni kosa kisheria. Weka ujumbe wote, andika tarehe, na upeleke malalamiko kwa Défenseur des droits, mtetezi wa haki wa taifa. Ni bure.

Hatua ya tano: mkataba wa dhamana kwanza, mkataba wa upangaji baadaye

Soma kichwa cha sehemu hii mara mbili. Hati ya mpangaji peke yake haimlindi mwenye nyumba. Kinachomlinda ni mkataba wa dhamana, ambao yeye mwenyewe anauchukua kwenye tovuti: anafungua akaunti yake, anaingiza namba ya visa ya mpangaji, anajaza habari za nyumba na kodi, anathibitisha, na mkataba unatoka hapo hapo. Lazima afanye hivyo kabla ya kutia saini mkataba wa upangaji.

Namjua kijana aliyeingia nyumbani kwa furaha, mwenye nyumba akasema "tutashughulikia karatasi wiki ijayo". Wiki ijayo ilikuwa imechelewa. Mwenye nyumba aliona amedanganywa, na uhusiano wao ukaharibika kuanzia mwezi wa kwanza. Kwa hiyo wewe mpangaji, hata kama si kazi yako, omba kuuona mkataba wa dhamana kabla hujashika kalamu.

Mambo mengine ya kukagua siku hiyo:

- Kodi iliyoandikwa kwenye mkataba wa upangaji ilingane na ile ya kwenye dhamana, na isizidi ukomo wa visa yako.
- Mkataba uwe na kifungu kinachoruhusu kuvunjwa kwake kodi isipolipwa, kiitwacho clause résolutoire. Mpangaji anakiogopa, lakini bila hicho Visale haisimami.
- Nyumba iwe ya kukalika kweli. Tangu tarehe 1 Januari 2025, nyumba ya Ufaransa bara yenye daraja G la matumizi ya nishati haipangishwi kwa mkataba mpya. Ukiona daraja hilo kwenye tangazo, ondoka. Utalipa umeme wa kupasha joto mpaka uchoke.

Fedha za amana zikikosekana, Action Logement ina mkopo usio na riba, Avance Loca-Pass, wa hadi euro 1,200, unaorejeshwa ndani ya miezi isiyozidi 25. Uombe sambamba na visa.

Halafu mkague nyumba pamoja, chumba kwa chumba, na kuandika hali yake. Piga picha kila ufa, kila doa, kila bomba linalovuja. Siku ya kuhama, uharibifu unapimwa kwa kulinganisha karatasi hii na ile ya mwisho, na kisichoandikwa siku ya kwanza kitahesabiwa kuwa umekiharibu wewe.

Ukishindwa kulipa

Ndugu yangu, hili nalisema kwa uzito. Visale si msaada wa kodi. Inamlinda mwenye nyumba, nawe unabaki mdaiwa. Deni linahama tu kutoka kwake kwenda Action Logement. Kila euro iliyolipwa kwa niaba yako utaidaiwa. Nimesikia mtu akisema, "Acha serikali ilipe, ndiyo kazi yake." Mwaka uliofuata alikuwa na deni la maelfu ya euro na barua ya mahakama.

Mshahara ukikatika, mjulishe mwenye nyumba kabla ya tarehe ya kodi, kwa maandishi. Lipa hata nusu, maana malipo ya sehemu yanaonyesha nia. Wajulishe CAF kwamba kipato kimeshuka, ruzuku inaweza kupanda. Barua ya Action Logement ikifika, ijibu. Watakubali mpango wa kulipa kidogo kidogo, na ukiufuata unaendelea kukaa nyumbani kwako. Ukinyamaza, wana haki ya kwenda mahakamani kuomba mkataba uvunjwe, na tangu sheria ya Julai 2023 muda wa mpangaji kulipa baada ya kupewa amri rasmi umepunguzwa kutoka miezi miwili hadi wiki sita. Wiki sita zinapita kama mchezo kwa asiyefungua barua.

Kwa upande wako mwenye nyumba, usingoje miezi minne kwa huruma ndipo utoe taarifa. Mwandikie mpangaji kumkumbusha, kisha toa taarifa ya kutolipwa kupitia akaunti yako ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba wa dhamana. Ukichelewa unaweza kupoteza haki. Taja kila kiasi alicholipa, hata kidogo, na ruzuku ya CAF kama inakuja kwako moja kwa moja. Na usimtoe mtu kwa mkono wako. Kubadili kitasa au kumtisha mpangaji ili ahame ni kosa la jinai, kifungo cha hadi miaka mitatu na faini ya euro 30,000. Kumwondoa mtu kunahitaji hukumu, kisha kazi hiyo hufanywa na commissaire de justice, anayefanana na dalali wa mahakama wa kwetu. Kati ya tarehe 1 Novemba na 31 Machi, wakati wa baridi, kwa kawaida hakuna anayeondolewa hata hukumu ikiwepo.

Kama Visale haikuhusu

Una miaka 45, umepewa hifadhi ya ukimbizi juzi, kazi bado. Hapo Visale itakukataa, usivunjike moyo. Kila département, yaani wilaya kubwa ya utawala ya Ufaransa, ina mfuko uitwao Fonds de solidarité pour le logement, FSL, unaoweza kusaidia amana, kulipia malimbikizo, na mahali pengine kusimama kama mdhamini. Masharti yanatofautiana kila département, basi uliza kwa mhudumu wa jamii wa eneo lako, na uombe kabla ya kutia saini mkataba, kwa kuwa mingi haisaidii baada ya hapo.

Njia nyingine ni chama kinachosimama katikati: kinaipanga nyumba kwa mwenyewe, kinamhakikishia kodi, kisha kinakukalisha wewe. Katika eneo la Paris mpango huo unaitwa Solibail. Mwenye nyumba anayekubali kupangisha kwa bei nafuu kupitia Loc'Avantages, mpango wa Anah, shirika la taifa la makazi, anapunguziwa kodi ya mapato. Kwa hiyo ukimjua mwenye nyumba mwenye moyo, mwambie na hilo pia.

Ukikwama kokote kati ya hatua hizi, nenda ADIL, ofisi ya ushauri wa nyumba, ya département yako. Wanasheria wao wa nyumba wanakusikiliza bure, mpangaji au mwenye nyumba. Nenda na karatasi zote, na kama Kifaransa chako bado kinachechemea, mchukue mtu wa kukufasiria. Mtoto wa shule asifanye kazi hiyo. Mambo ya deni la wazazi si ya kupita mdomoni mwake.